Usilete Sanda

Mwanangu Mwajuma,

Salamu za baba yako zikufikie kabla hujafunga viatu vya safari. Ni jambo la kuchekesha kumwandikia barua mtu aliye nyuma ya ukuta. Nakusikia chumba cha pili unakunja nguo, unagombana na Ramazani kuhusu uzito wa sanduku, halafu mnacheka. Ningeweza kuinuka, nikapiga hodi, nikasema ninachotaka kusema. Nimejaribu tangu Ijumaa. Kila nikikutazama usoni naanza kuzungumzia mvua.

Sitakuambia unywe maji mengi wala ufiche pasipoti. Wewe ni muuguzi, na ndiyo maana watu wa msikiti wamekuchagua wewe na mume wako muwasindikize wazee wetu Makka. Mambo ya joto na vidonge ungenifundisha wewe. Nguo zako nimezishona mwenyewe, na nimezishona vizuri, hata kama ni mimi ninayejisifu. Za Ramazani sikushona hata moja, kwa sababu kule wanaume wanavaa shuka mbili zisizoguswa na sindano. Nilimtania juzi: "Mukwe wangu, unaenda pahali fundi anakufaka na njala." Akacheka sana. Mimi nikacheka kidogo, kisha nikakumbuka nguo nyingine isiyotaka mshono, na kicheko kikaniishia.

Nguo hiyo ni sanda, na barua hii ni ya sanda.

Ijumaa ulizunguka kuomba radhi kama desturi yetu inavyomtaka anayekwenda hija. Ulienda kwa shangazi yako, kwa jirani mliyegombana kwa sababu ya kuku, hata kwa yule mama wa sokoni ambaye mimi mwenyewe nisingemwomba radhi hata kwa fimbo. Jioni ukaja kwangu, ukapiga magoti juu ya vipande vya vitambaa karibu na cherehani. "Baba, kama nilikukosea, unisamehe." Nikajibu haraka, "Nimekusamehe, mama, simama." Halafu nikakuuliza kama umewamaliza watu wote. Nilitaka utaje jina moja, la mama yako. Ulijua nilichotaka, maana ulikunja uso.

"Yule wa Pangi, hapana," ulisema. "Yeye njo aliniacha. Mi namuomba radhi ya nini?"

Ukafuta magoti yako, ukaongeza: "Nitakuletea sanda, Baba. Nitaiosha na maji ya Zamzam. Ile ya koko yenye mama aliiba, mi njo nitairudisha."

Nami nikasema asante. Mungu anisamehe, nilisema asante kama mtu aliyepokea kikombe cha chai.

Mwajuma, mama yako hakuiba sanda ya koko, mama yangu. Mimi ndiye niliyeichukua.

Nimeandika. Sasa nikueleze polepole, kwa sababu uongo niliouvaa miaka yote hii ukivutwa kwa nguvu utachana na mengine ambayo ni ya kweli.

Sanda ile ililetwa na baba yangu mdogo, mtu wa kwanza wa ukoo wetu kufika Makka. Aliichovya katika maji ya Zamzam, akaianika, akarudi nayo hadi hapa Alunguli, akampa mama yangu, koko yako Zaina, kwa sababu ndiye aliyemlea. Dini haimlazimishi mtu kuwa nayo. Shehe wetu wa zamani alikuwa akisema wazi kwamba aliyezikwa na kitambaa cha sokoni Mungu hamfukuzi. Lakini unawajua wazee wa hapa. Mtu mwenye sanda ya Makka alikuwa anatembea amenyooka. Koko aliiweka ndani ya sanduku la bati pamoja na karafuu, na kila mwaka kabla ya mfungo aliitoa kuianika uani, akakaa pembeni na kijiti cha kufukuzia kuku. "Hii njo nyumba yangu ya mwisho," alikuwa anawaambia wageni. "Ingine zote napanga tu."

Vita ilipotufikia, wewe ulikuwa hujaanza kutembea. Ng'ambo ya mto, upande wa mji, walikuwa askari. Nyuma yetu porini walikuwa wengine wenye bunduki, na sisi wa Alunguli tukabaki katikati. Watu waliacha kwenda mashamba. Tulikula sombe ya mihogo bila chumvi, halafu hata sombe yenyewe ikawa ya kutafutwa. Vitambaa vyangu vyote vilibebwa, na kanzu yangu ya Idi niliibadilisha na muhogo. Mto ulifungwa. Aliyetaka kuvuka alipaswa kusimamisha kitambaa cheupe juu ya mtumbwi, tena kikubwa cha kuonekana mbali. Wasiokuwa nacho walipigwa risasi majini, na tuliwaona.

Siku hiyo mama yako Veronika alikuwa ametoka kutafuta majani ya mihogo. Ulikuwa na homa tangu asubuhi, na baada ya adhuhuri degedege likakushika. Wewe leo ukiwashika watoto wa wenzako wakiwa hivyo unajua la kufanya. Mimi sikujua. Dawa ilikuwa ng'ambo. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta kitu cheupe, nikapata vikwembe vya rangi na gunia. Ndipo nikakumbuka sanduku la bati.

Koko alikuwa chumbani kwake anaswali laasiri. Nikaingia kwa ncha za vidole, nikapita nyuma yake, nikainua kifuniko, nikachukua sanda, nikatoka.

Ningeweza kungoja atoe salamu, Mwajuma. Alikuwa tayari amekaa kikao cha mwisho, nilikiona kidole chake kimenyooka juu ya goti. Zilibaki pumzi chache tu. Ningepiga magoti nikasema, mama, mtoto anakufa, nipe. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ilikuwa haraka. Haraka ilikuwepo, sikatai, lakini ndani ya haraka ile niliweka woga wangu. Kwetu, mtoto anayegusa sanda ya mzazi aliye hai ni sawa na kumsukuma kaburini. Niliogopa kwamba mama atasema hapana, au atasema ndiyo na kuninyima radhi. Nilikimbia jibu, ndiyo maana sikuuliza.

Jirani mmoja mwenye mtumbwi alikubali kutuvusha. Niliifunga sanda juu ya mti, nikaushika kwa mkono mmoja, mkono mwingine nimekubana kifuani. Hakuna aliyepiga risasi. Tulipofika, askari mmoja akaivuta sanda kutoka kwenye mti, akaichana vipande vya kufungia mguu wa mwenzake uliokuwa unatoka damu. Ulikuwa unapumua, na wakati ule sikuhitaji kitu kingine duniani.

Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa shujaa, na ningekusimulia kila Idi.

Tulirudi wewe ukiwa umepona, mwembamba lakini una macho. Koko alikupokea mlangoni, akakubusu, akamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu akanigeukia. Nilipokuwa ng'ambo alikuwa amefungua sanduku, na wakati huo nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu wa kushukiwa, mkwe, tena Mkristo, tena wa Pangi. Kitambaa cha kuvukia alidhani nimepewa na mwenye mtumbwi, na mwenye mtumbwi hakujua kilikotoka.

"Muke yako amenivua nguo ya kaburi," aliniambia. "Ameiuzisha juu ya chumvi. Hajue maana yake, njo vile."

Mama yako alikuwa amesimama karibu na jiko, ana mwiko mkononi. Hakulia. "Mama, sikugusa kitu yako," alisema. "Bwana yangu huyu hapa. Muulize."

Wote wawili wakanitazama. Hata wewe, begani kwangu, ulikuwa macho. Majirani walikuwa wameshafika kwenye ua. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Mama, tutatafuta ingine."

Ni maneno matatu. Sikumtaja mama yako, sikumsingizia. Nilijivunia hilo usiku kitandani, kwamba sikusema uongo. Lakini kila mtu uani alielewa kwamba mume anamlipia mke deni lake, na mama yako alielewa kabla yao.

Alipopata nafasi ya kuwa nami peke yetu aliniambia: "Saidi, najua njo weye. Ile kukamata haiko mubaya, ulifanya juu ya mutoto wetu. Mubaya ni vile unanyamaza." Nikamwambia angoje, mama ana hasira, zitapoa. Nilimwambia angoje kesho yake pia, na siku iliyofuata. Kisimani wanawake walianza kumwachia nafasi kubwa kuliko inavyohitajika. Watoto wakapata jina la kumwita. Unalijua jina hilo, maana baadaye walikuita wewe mtoto wake.

Siku aliyoondoka alitaka kukubeba. Nilimwambia njia ya Pangi ina vita na mtoto bado dhaifu. Ilikuwa kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba niliweza kuutumia hata ukweli. Alikunyonyesha akiwa amesimama, mzigo kichwani, akakurudisha mikononi mwangu. Nilimwahidi nitamfuata vita ikiisha. Akasema, "Sema mbele ya mama yako, sasa hivi, na mi naweka muzigo chini." Koko alikuwa pale ndani, hatua chache tu. Sikusema. Akaenda kwa miguu.

Vita ikaisha. Njia ikafunguka, baiskeli zikapita, halafu pikipiki. Leo mtu anaondoka hapa asubuhi na kufika Pangi bila shida kubwa. Sikuenda. Mwanzoni nilisema barabara ni mbaya. Baadaye barabara haikuwa na kosa tena, ila mimi nilikuwa nimekaa muda mrefu mno ndani ya kimya changu, na kutoka kulihitaji kueleza kwa nini sikutoka mapema. Usidhani uongo unakua kwa kusema maneno mengi. Wangu ulikua kwa kunyamaza tu, kila mwaka kidogo.

Karanga zile ulizozipenda utotoni, zilizokuja na wafanyabiashara kila msimu, zimefungwa katika kitambaa cha maua, nilikuambia zinatoka kwa shangazi. Zilikuwa za mama yako. Na gauni la njano uliloenda nalo siku ya kwanza ya shule, ulilojivunia kwamba baba yako fundi amekushonea, hakulishona baba yako. Mimi nilikunja pindo tu, kwa sababu alikuwa amekata kwa kukisia na lilikuwa refu. Ulipotoka shuleni unalia kwamba wenzako wanakuita mtoto wa mwizi wa sanda, nilikupangusa machozi nikasema, "Usiwasikilize." Nilipaswa kusema, "Si kweli." Angalia tofauti ilivyo ndogo mdomoni, na ilivyokulea vibaya.

Koko nilimwambia. Ilikuwa tayari mwisho wake, wewe ukiwa shule ya msingi. Nilikaa chini kando ya kitanda, nikamwambia yote, hata kidole chake kilivyokuwa kimenyooka. Nilingoja laana. Aliutafuta mkono wangu, akaushika. Halafu akasema:

"Ungeniomba, ningekupa na mikono mbili. Mutoto akufe, mi nazikwa na Zamzam ya kazi gani?"

Hapo ndipo nilipojua nilichoiba. Kitambaa ni kitambaa. Mama yangu angempa mjukuu wake nguo yake ya mwisho, angejua mpaka siku ya kufa kwamba wewe unatembea kwa sababu yake, na jambo hilo lingemtosha kuliko Makka. Nilimnyang'anya nafasi ya kutoa. Badala yake nilimwacha miaka yote hiyo na chuki juu ya mtu asiye na kosa.

Aliniambia jambo moja zaidi. "Nilitukana mutoto wa wenyewe. Uende Pangi, umulete, nimuombe radhi mbele sijafa." Nikasema ndiyo, mama. Nilisema nitaenda pikipiki ikipatikana. Zilikuwepo pikipiki, Mwajuma. Alikufa akiwa anauliza kama mgeni amefika. Sanda yake niliipima na kuikata mwenyewe, kitambaa cha sokoni, na mkasi wangu haukuwahi kuwa mzito vile.

Basi ninachokuomba ni hiki. Usilete sanda. Usiingie kwenye Nyumba ya Mungu umebeba deni la mama yako, kwa sababu hana deni. Lenye deni ni jina langu, na hata hilo halilipwi kwa kitambaa. Wanaotoka huko wanatusimulia kwamba mtatembea kati ya vilima viwili, Safa na Marwa, huku na huku, kwa kumkumbuka bi Hajara aliyebaki jangwani na mtoto mchanga, akahangaika kumtafutia maji. Zamzam ilitoka kwa ajili ya mtoto yule na mama yake. Kisa hicho nakijua tangu chuo cha Kurani. Sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba katika nyumba yangu maji ya kisima kile kile yalitumika kumtenga mama na mtoto wake. Ukiwa unatembea pale, na umati unakusukuma, fikiri juu ya mwanamke aliyetoka Alunguli na mzigo kichwani, maziwa yakimlowanisha kikwembe.

Sasa la mwisho, na hili ndilo limenifanya niandike leo badala ya kungoja urudi.

Ulipoondoka pale kwenye cherehani siku ya Ijumaa, nilitoka nikamtafuta motari, mwenye pikipiki anayefanya safari za Pangi. Nilimpa ujumbe, nikamfanya aurudie kama mtoto wa madrasa: Saidi anasema ni yeye aliyechukua sanda, atamwambia mtoto, na mtoto anasafiri, koko kabla ya kufa aliomba radhi. Motari akanitazama vibaya. Alikuwa na haki. Aliporudi alisema alimkuta shambani kwenye karanga zake. Aliposikia aliweka jembe, akakaa chini kwenye udongo, akakaa sana. Halafu akajibu:

"Umuambie nitakuya. Lakini haiko kwa ajili yake."

Amefika, Mwajuma. Yuko hapa Alunguli, amelala kwa mwanamke mmoja wa kanisani kwao, hakutaka hata maji ya nyumba hii. Kesho asubuhi atakuwa mtoni, pale mitumbwi inapopakia watu wa kwenda ng'ambo, kwenye uwanja wa ndege. Amevaa kikwembe cha kijani.

Ningeweza kukaa kimya, mkutane tu kwa ghafla, nami nikatazama kwa mbali nikilia kwa raha yangu. Lakini nilishamnyang'anya mtu mmoja nafasi ya kuchagua, na sitaki kukufanyia wewe hivyo. Ukiwa bado hujawa tayari, shukeni kwenye bake, kile kivuko cha magari, upande wa juu, mtavuka bila kumwona. Mama yako anajua kwamba huenda usije. Nilimwambia motari amweleze hivyo wazi, na akakubali kuja hata hivyo. Barua hii nitakupa mkononi baada ya alfajiri. Isome kabla hujatoka nje ya mlango. Wazee watangoja, ndege itangoja au haitangoja, wewe soma.

Mimi sitashuka mtoni. Hapana nafasi yangu pale. Nitakuaga hapa mlangoni, na usione vibaya nikizungumzia mvua.

Radhi uliyoniomba nimekupa, na sasa unajua kwamba sikuwa mtu wa kuombwa. Sikuombi unisamehe kesho, wala huko. Ukifika Arafa na mikono yako imeinuka, anza na koko, halafu mama yako. Mimi uniweke mwisho, au uniruke. Nimezoea kuwangojesha watu, sasa ni zamu yangu.

Nilitaka kumaliza hapo, lakini kuna neno moja la motari sijakuambia. Alipokuwa anawasha pikipiki kurudi, mama yako alimfuata hadi barabarani, akamuuliza swali moja tu: "Mutoto amekuwa murefu sawa nani?"

Motari hakujua kujibu. Mimi ninajua, nimekupima tangu utotoni, na nimekupima tena wiki hii kwa nguo za safari. Lakini sikutuma jibu. Kesho, ukikubali, simama karibu naye, apime mwenyewe.

Baba yako,
Saidi